Fundi Amekuja, Gesi Haijaja

Mwana wa Kitale akisikia neno "kushindilia" hafikirii kitu kingine ila gunia la mahindi. Debe la kwanza linamwagwa, la pili, la tatu, kisha kijana mwenye nguvu analishika gunia masikio, analitikisa, analigonga chini, na pale ambapo ungeapa kwamba haiingii hata punje moja, mahindi mengine yanaingia na yanatoshea. Mkulima analia, mnunuzi anacheka. Basi mwaka 2025 nilijua kwamba majirani zetu wa Tanzania wanalitumia neno hilo hilo kwa gesi. Wanasema gesi asilia iliyoshindiliwa. Gesi ambayo ikiachwa huru ingejaza chumba kidogo cha kulala inatiwa ndani ya mtungi wa chuma wa lita 60, kwa shinikizo la karibu mara 200 ya lile la hewa tunayovuta. Mtungi unafungwa ndani ya gari, na gari linakwenda bila petroli.

Neno hilo lililetwa nyumbani kwetu na mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye sisi Wabukusu humwita khocha. Alijifunza ufundi wa magari hapa hapa Kitale, chini ya mti, kwa fundi aliyekuwa akimlipa chapati na chai. Mwaka 2021 akapanda basi kwenda Dar es Salaam na tukamsikia mara moja moja tu kwa simu. Alirudi mwezi wa saba mwaka 2025 akiwa na begi la vyombo vya kazi, gunia lililofungwa kwa kamba, na Kiswahili ambacho mwalimu wetu angekipenda sana. Hasemi stesheni ya petroli, anasema sheli. Hasemi laini, anasema foleni. Na gari lililobadilishwa litumie gesi hasemi limebadilishwa, anasema "limefungwa mfumo." Siku ya kwanza mama alidhani ni ugonjwa wa gari.

Ndani ya gunia mlikuwa na mfumo wenyewe, ukikosa mtungi. Alitandaza vitu vyote kwenye mkeka na kunieleza kimoja kimoja, nami nawaeleza ninyi kwa sababu wengi wetu tunapanda magari kila siku bila kujua yanakula vipi. Kuna bomba nyembamba la chuma linalotoka kwenye mtungi hadi mbele. Kuna rigiuleta, dude zito la ukubwa wa ngumi mbili, ambalo kazi yake ni kupunguza ule msukumo mkali mpaka uwe mpole. Kupoa kwa gesi inapopanuka ni kwingi mno, hivyo rigiuleta hupitishiwa maji moto ya injini isije ikaganda barafu. Kuna nozeli ndogo zinazopulizia gesi kwenye njia ya hewa ya injini, kila silinda ya injini na nozeli yake. Kuna kompyuta ndogo kama kiberiti kikubwa, na swichi inayokaa karibu na usukani. Gari huwashwa kwa petroli, likipata moto linahamia gesi lenyewe. Gesi ikiisha njiani linarudi petroli. Tanki la petroli haling'olewi. Jambo hilo lilinishangaza, maana nilidhani mtu akihama amehama.

Lakini kuna sharti moja. Injini iwe ya petroli, yenye plagi za kuwasha moto. Injini ya dizeli haina plagi za namna hiyo. Yenyewe huibana hewa mpaka iwe moto sana, ndipo dizeli inawaka yenyewe ikinyunyiziwa. Gesi asilia haikubali kuwaka kirahisi hivyo. Ukitaka dizeli itumie gesi ni lazima uifumue injini, au uchome gesi na dizeli pamoja, na hiyo ni kazi nyingine na pesa nyingine. Likumbukeni jambo hili, nitalirudia.

Sasa Dar. Niliyoyapata kwa khocha nimeyachanganya na niliyosoma, maana sikutaka kumwamini kwa sababu tu ni mjomba. Gesi ya Tanzania iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo mwaka 1974. Ilikaa chini ya bahari miaka thelathini watu wakiendelea kununua mafuta ya nje. Mwaka 2004 ndipo bomba lililoitoa huko likafika Dar es Salaam, na ilikuwa ya kuzalisha umeme pale Ubungo na kuendeshea viwanda. Gesi nyingine iligunduliwa Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982, na bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar likazinduliwa mwaka 2015. Hakuna aliyechimba gesi kwa ajili ya teksi. Teksi zilifuata bomba. Palipopita bomba ndipo mtu alipoweza kuweka mashine ya kushindilia na mpira wa kujazia, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT, ikawa moja ya mahali pa kupeleka gari lifungwe mfumo.

Kisha mwaka 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, bei ya mafuta ikapaa dunia nzima, na madereva wa Dar wakakimbilia gesi. Teksi, magari ya watu binafsi, hata bajaji za magurudumu matatu. Khocha anasema gereji aliyokuwa akifanya kazi ilianza na gari moja kwa siku mbili, ikaishia kukataa wateja. Shida haikuwa mafundi tena. Shida ilikuwa sheli za gesi, zilizokuwa chache kuliko vidole vya mikono ilhali magari yanaongezeka kila wiki. "Mtu anasubiri saa tatu kujaza gesi ya dakika tano," aliniambia. Wengine walikuwa wakilala kwenye foleni usiku, kiti kimeinamishwa, viatu juu ya dashibodi. Mwaka 2025 shirika la mafuta la Tanzania, TPDC, lilifungua kituo mama katika Barabara ya Sam Nujoma, karibu na Chuo Kikuu. Kituo mama hujaza magari na pia hupakia gesi kwenye malori yenye rundo la mitungi, yakaipeleka mahali ambapo bomba halifiki. Hata Delhi, ambako mahakama ya juu ya India iliamuru mwaka 1998 kwamba mabasi ya mji yahamie gesi, foleni zilikuwa ndefu vivyo hivyo kabla vituo havijatosha.

Kwa nini wavumilie? Hapa ndipo daftari langu la hesabu lilipoanza kuingia maneno ya watu wazima. Kilo moja ya gesi asilia hufanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli. Khocha alipokuwa Dar alinunua kilo kwa shilingi 1,550 za Tanzania wakati lita ya petroli ilikuwa 3,000 na zaidi. Teksi inayokunywa lita 15 kwa siku hulipa 45,000. Ikitumia gesi, kilo 10, italipa 15,500. Tofauti ni 29,500 kwa siku. Kama kufunga mfumo kumegharimu milioni mbili, pesa zimerudi baada ya siku 68. Nilihesabu mara tatu. Ama kweli nilielewa kwa nini mtu analala kwenye foleni.

Na khocha naye alikuwa amepiga hesabu zake. Alitaka kufungua gereji ya kufunga mifumo Kitale, ya kwanza mji mzima, upande wa mafundi wa jua kali. Vyombo alikuwa navyo, ufundi alikuwa nao. Alihitaji Sh 420,000 za kodi ya mahali, mifumo mitatu ya kuanzia na mashine ya kukagua uvujaji. Alikuwa na 150,000. Zilizobaki alizitafuta kwa baba, na baba pesa zake zina kwato. Ni ng'ombe wawili wa maziwa. Maziwa hayo ndiyo karo yangu, msomaji. Sisemi hivyo ili mnihurumie. Nasema ili mjue kwamba mjadala huu haukuwa wa magazeti.

Baba ni dereva wa Probox, Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, na kurudi. Mwaka 2025 lita ya petroli ilifika zaidi ya Sh 180, na kila tarehe 14 EPRA inapotangaza bei mpya nyumba yetu hunyamaza kama watu wanaosikiliza matokeo ya mtihani. Kwa hivyo msidhani alikataa tangu mwanzo. Alimsikiliza khocha usiku mbili mfululizo. Alilifungua buti la Probox akapima kwa mkono mahali mtungi ungekaa. Mtungi wa chuma wa gesi asilia ni mnene, una uzito wa kilo 60 au zaidi kabla hujatia chochote, na hauwezi kufichwa mahali pa gurudumu la akiba. Buti la Probox hapa kwetu ndilo ghala: kabichi za akina mama wa Kiminini, trei za mayai, magunia ya viazi. "Huyu mtungi atakuwa abiria asiyelipa nauli," baba alisema, lakini alisema akicheka.

Mkutano wenyewe ulifanyika Agosti, kwa kukhu, nyanya yangu mzaa mama, upande wa Kimilili. Kuku alichinjwa. Wale ambao si Wabukusu niwaeleze kwamba kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawaketi karibu, hawatazamani usoni wakizungumza. Basi baba alikaa sebuleni na khocha, kukhu akakaa jikoni mlango ukiwa wazi, na mimi nikawekwa katikati na daftari langu. Kila alilotaka kumwambia baba kukhu aliniambia mimi kwa sauti kubwa, ingawa baba alikuwa hatua sita tu kutoka kwake.

Khocha alianza vizuri. Alieleza Dar, alieleza siku 68. Kisha baba akauliza swali ambalo hata mimi lilikuwa likinikera rohoni. "Shemeji, ng'ombe wangu wanakula nyasi, na nyasi zipo. Gari lako litakula nini hapa Kitale?"

Nataka niseme ukweli ulivyo. Kenya haina gesi asilia inayouzwa kwa magari. Mwezi wa Mei 2021 Rais Samia alipotembelea Nairobi, nchi zetu mbili zilitia sahihi makubaliano ya bomba la gesi kutoka Dar hadi Mombasa. Bomba hilo halijajengwa. Na likijengwa litaishia Mombasa, na kutoka Mombasa hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800. Khocha akasema malori ya mitungi yanaweza kuleta. Nikafungua ramani. Dar hadi Kitale ni zaidi ya kilomita 1,000, na lori la namna hiyo hubeba chuma kingi kuliko gesi. Kufika hapa gesi ingekuwa imelipa nauli mpaka imechoka.

"Lakini si tunapikia gesi?" aliuliza mama. Najua na ninyi mmeuliza. Rafiki yangu mmoja wa kidato cha tatu Mashariki aliniuliza vivyo hivyo, tena kwa dharau, "Kwani gesi si gesi?" La hasha. Gesi ya mitungi ya jikoni ni ndugu wa mbali. Hiyo ni propani na butani, huletwa kwa meli Mombasa, na ikibanwa kidogo tu inakuwa maji. Gesi asilia ni methani, na methani hata uibane namna gani, katika joto la kawaida haikubali kuwa maji. Kwa hivyo mitungi yake, rigiuleta zake na mashine zake ni tofauti. Magari yanayotumia gesi ya mitungi ya kupikia yapo Kenya. Nairobi kuna vituo vinavyoiuza kwa magari, na petroli ilipovuka Sh 200 mwaka 2023 wenye teksi wengi walianza kuiulizia. Khocha alikuwa anajua kuifunga pia. Tanki lake ni jembamba zaidi, mengine ni ya mviringo kama gurudumu, hivyo buti linapona. Ndiyo maana akageuza hoja pale pale: basi tuanze na hiyo.

Nikaambiwa nihesabu. Probox ya baba hunywa lita 15 kwa siku. Kwa Sh 185 ni Sh 2,775. Mtungi wa kilo 13 kwa duka la jirani ulikuwa Sh 3,200, yaani karibu Sh 246 kwa kilo. Badala ya lita 15 za petroli atahitaji kama kilo kumi na nusu, ambazo ni Sh 2,583. Tofauti ni Sh 192 kwa siku. Kufunga mfumo khocha alisema Sh 70,000. Nikagawanya. Ikatoka siku 365, Krismasi na Pasaka zikiwemo, na gari lisiharibike hata siku moja. Nilisoma jibu kwa sauti ndogo sana. Khocha alinitazama kama mtu aliyeumwa na kifaranga wake mwenyewe.

Alijitetea, na alikuwa na haki. Gesi ya kwenye pampu ni nafuu kuliko ya dukani, alisema, kwa sababu haina gharama ya mtungi na faida ya mchuuzi. Kweli. Lakini pampu hiyo iko wapi Kitale? Mtu hawezi kuanza kumimina gesi kutoka mtungi wa jikoni kwenda kwenye gari nyuma ya nyumba. Kanuni za gesi za mwaka 2019 zinataka leseni ya EPRA, na sababu yake haihitaji mwanasheria. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaa wa Mradi kule Embakasi, lori la gesi lililipuka, watu wakafa na zaidi ya mia mbili wakajeruhiwa, na EPRA ikasema mahali hapo palikuwa pamenyimwa kibali. Mama alikuwa ameiona habari hiyo kwenye televisheni. Alisema neno moja tu, "Embakasi," akanyamaza.

Kukhu akapaza sauti kutoka jikoni: "Mjukuu wangu, muulize huyo fundi, shimo la gereji litakuwepo?" Nilishangaa amelijuaje shimo. Kumbe marehemu kuka, mumewe, aliwahi kuwa turnboi wa lori. Na shimo hilo ndilo jambo ambalo kemia yetu ya kidato cha tatu inaweza kulieleza bila kwenda chuoni. Moli moja ya hewa ina uzito wa kama gramu 29. Methani ni 16, kwa hivyo ikivuja inapanda juu na kutoroka mlango ukiwa wazi. Propani ni 44 na butani 58. Hizo zikivuja hushuka, hutambaa sakafuni, hukaa ndani ya shimo la kukagulia gari kama maji, zikimngoja mtu anayechomelea vyuma karibu. Mahali alipokuwa amepaona khocha palikuwa na shimo, na jirani yake alikuwa fundi wa kuchomelea. Khocha alisema angelifukia. Baba akasema, "Na jirani utamfukia?"

Hapo kimya kikaingia. Ili kukivunja khocha akatania, "Shemeji, hata hao ng'ombe wako samadi yao inatoa gesi hiyo hiyo ya Songo Songo." Tulicheka, lakini si uongo. Gesi ya samadi sehemu kubwa yake ni methani, ingawa imechanganyika na kaboni dayoksaidi nyingi, na kuisafisha na kuishindilia kunahitaji mashine ya bei kuliko zizi lote la baba. Wazo hilo nimeliweka pembeni. Sijalitupa.

Baba alitoa uamuzi wake baada ya chakula. Ng'ombe hawatauzwa. Kama khocha atapata mtu mwenye leseni atakayeweka pampu ya gesi Kitale, hata iwe moja, Probox yake itakuwa ya kwanza kufungwa mfumo na atalipa bei kamili kama mteja, si kama ndugu. Khocha hakujibu. Aligusa kuku kidogo tu, na kwetu kuacha firigisi ya mgeni sahanini ni jambo linaloonekana. Mimi nilihisi vibaya, kwa maana zile hesabu zilikuwa za mkono wangu, na karo iliyookoka ilikuwa yangu. Lakini 192 ni 192.

Nina neno la kusema hapa, na walimu wetu wanisamehe nikionekana nimepanda jukwaani. Watu walipomsikia khocha walisema, "Wakitale hatutaki maendeleo, fundi akija na kitu kipya tunamkatisha tamaa." Mimi sikubali. Ufundi unaweza kusafiri ndani ya begi, Dar hadi Kitale, kwa nauli ya mtu mmoja. Gesi haipandi basi. Kazi ya kubadili magari inaonekana ni ya fundi, lakini fundi ni wa mwisho kwenye mstari. Mbele yake kuna kisima, bomba, mashine ya kushindilia, na mtu wa kukubali kupata hasara ya miaka michache akingoja magari yaje. Mwenye pampu anangoja magari, mwenye gari anangoja pampu. Dar ng'ambo moja ya fundo hilo ilikuwa imefunguliwa na serikali kwa sababu ya umeme, kabla bajaji ya kwanza haijauliza bei. Kitale hakuna aliyefungua ng'ambo yoyote, halafu tunataka khocha afungue zote mbili kwa ng'ombe wawili.

Na si mara ya kwanza kwa utajiri kutupita barabarani. Mwezi wa Juni 2018, nikiwa na miaka tisa hivi, nilitolewa nje kuona malori yaliyobeba mafuta ghafi kutoka Turkana yakipita mjini kwetu kwenda Mombasa. Mafuta hayo yaligunduliwa mwaka 2012, na mwaka 2019 mapipa 240,000 yakauzwa ng'ambo. Tulipunga mikono. Kiwanda cha kusafishia mafuta Mombasa kilikuwa kimeacha kusafisha tangu 2013, hivyo hata tone moja la mafuta yale halingerudi Kitale kama petroli. Baba alikuwa kwenye pampu siku hiyo akilipa bei ile ile.

Khocha aliondoka wiki ya pili ya Septemba kwenda Nairobi, ambako pampu zipo, na sasa anafunga mifumo kwenye teksi za watu. Mfumo wake wa methani ameuacha kwetu, ndani ya gunia, chini ya kitanda changu. Mama ameapa kwamba yeyote atakayeuuza kama chuma kuukuu atalala nje.

Mwezi wa Oktoba alinipigia simu. Hakuuliza habari za shule. Alisema kuna mtu mwenye leseni Nairobi anayetaka kujua kama Kitale inaweza kulisha pampu moja, na akataka nimhesabie magari ya stejini, ya petroli mbali, ya dizeli mbali. Jumamosi nikaenda na rafiki yangu yule wa Mashariki, tukakaa karibu na muuza mahindi choma kuanzia saa mbili hadi saa sita. Makanga mmoja alidhani ni watu wa kanjo na akataka kutufukuza, alipojua ni kazi ya wanafunzi akatusaidia kutofautisha injini kwa mlio. Tulihesabu magari 112. Ya dizeli yalikuwa 65, zile Hiace nyingi na malori madogo yote, nayo kama nilivyosema hayafungiki kirahisi. Ya petroli yalikuwa 47, karibu yote Probox na ndugu zake.

Nikamtumia. Akajibu baada ya dakika mbili: "Hayo 47, mangapi hulala Kitale?" Maana gari linalolala Webuye au Eldoret haliwezi kutegemewa na pampu ya Kitale. Jumamosi iliyofuata tukarudi, safari hii tukiuliza dereva mmoja mmoja. Yanayolala Kitale ni 29.

Orodha niliiacha mezani. Baba aliporudi usiku aliisoma akiwa amesimama, bado na funguo mkononi, akauliza kama Probox yake imo. Nikamwambia imo, ni ya kumi na moja.